Kwa saa, kwa mkupuo, kwa mwezi au kwa thamani: njia nne za kuuza utaalamu wako

Mteja amesoma maelezo yako, ameridhika, kisha anauliza: "Sasa, unatoza kiasi gani?" Wengi wetu hukimbilia kutaja namba, na namba hiyo hutoka mdomoni ikiwa imeshapunguzwa nusu kwa woga. Ndani ya swali hilo kuna jingine ambalo mteja hakulitamka: kiasi gani kwa kitu gani? Kwa saa? Kwa kazi nzima? Kwa mwezi? Kwa faida atakayoipata? Nimefanya ushauri wa kujitegemea kwa muda wa kutosha kuamini kwamba swali hili la pili lina uzito kuliko la kwanza. Ndilo linaloamua nani ataumia mambo yasipokwenda kama yalivyopangwa, na ndilo linaloamua utajitangaza vipi, kwa nani na kwa maneno gani.

Hapa nalinganisha njia nne. Mimi mwenyewe natumia tatu, na kuna mteja mmoja ambaye nimewahi kumtoza kwa njia mbili katika mwezi mmoja.

## Kwanza ijue sakafu yako

Kwa njia yoyote utakayochagua, kuna kiwango ambacho ukishuka chini yake unafanya kazi kwa hasara. Ukihesabu siku tano kwa wiki, mwaka una siku za kazi 260 hivi. Toa 25 za likizo, 10 za sikukuu na 5 za kuugua; zinabaki 220. Katika hizo utatumia sehemu kubwa kutafuta wateja, kuandika mapendekezo, kufuatilia ankara ambazo hazijalipwa na kusoma ili utaalamu usichakae. Tuseme ni asilimia 40. Zinabaki siku 132 zenye mtu wa kuzilipia.

Sasa chukua fedha unayohitaji kwa mwaka mzima, pamoja na kodi, bima, vifaa na akiba, uigawe kwa 132. Kama unahitaji 66,000, za sarafu yoyote ile, sakafu yako ni 500 kwa siku. Mtu aliyetoka kwenye ajira akagawa kwa 260 atapata 254 hivi, atafurahi kwamba bei yake ni nafuu, na mwisho wa mwaka hataelewa fedha imekwenda wapi. Nimeona watu wenye ujuzi mkubwa wakirudi kuajiriwa kwa sababu ya kosa hili moja la kugawanya.

## Vigezo

Njia zote nimezipima kwa maswali manne. Makadirio yakikosea, nani anabeba hasara? Fedha inaingia lini? Inataka ujitangaze vipi? Inamfaa nani? La kwanza lina uzito zaidi kwangu, kwa sababu kila mkataba wa ushauri ni mapatano kuhusu jambo ambalo hakuna upande unaolijua vizuri, na lazima mmoja abebe mzigo wa kutojua huko.

La tatu linahitaji maelezo kidogo. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa kitu kinachoshikika ni kweli: mnunuzi anakigeuzageuza, anakipima, anaamua. Utaalamu haushikiki. Mwaka 1973 wanauchumi Michael Darby na Edi Karni walieleza aina ya huduma ambazo mnunuzi hawezi kuupima ubora wake sawasawa hata baada ya kuzitumia, kama vile matengenezo na baadhi ya matibabu. Hana budi kuamini. Ushauri mwingi uko katika kundi hilo. Ndiyo maana mteja hutafuta dalili: nani amekupendekeza, umeandika nini, umemuuliza maswali gani, na bei yako unaitajaje. Kwa mtaalamu, kujitangaza ni kumpa mteja sababu za kuamini kabla hajalipa, na kila njia ya kutoza inadai sababu za aina yake.

## Kwa saa au kwa siku

Njia hii ina historia yenye mafunzo. Reginald Heber Smith, mwanasheria wa Boston, hutajwa kuwa mmoja wa waliowazoesha mawakili wa Marekani kuandika muda wao, wakiigawa saa katika sehemu kumi za dakika sita sita. Lengo lilikuwa la ndani ya ofisi: kujua kila kazi inagharimu kiasi gani. Bei kwa mteja ilikuwa suala jingine, kwani vyama vingi vya mawakili vilikuwa na orodha za kima cha chini cha ada. Mwaka 1975, katika kesi ya Goldfarb, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba orodha ya namna hiyo inakiuka sheria za ushindani, na kutoza kwa saa kukazidi kushika usukani. Kipimo cha gharama kikageuka kuwa bei. Naikumbuka historia hii kila nikijaza daftari langu la muda, ambalo nalijaza hata kwa kazi nisizotoza kwa muda. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mshauri ni siku zake.

Hasara ni ya nani? Ya mteja. Kazi ikichukua siku kumi badala ya sita, yeye ndiye anayelipa, hivyo ana haki ya kuwa na wasiwasi. Lakini nawe una hasara yako ya kimyakimya. Kazi uliyoimaliza kwa siku 10 mwaka wa kwanza ukaja kuimaliza kwa siku 4 mwaka wa tano, ujuzi wako umekukata asilimia 60 ya mapato, isipokuwa umepandisha bei ya siku mara mbili na nusu. Ni wachache wanaopandisha kwa kasi hiyo.

Wengine huweka dari: "Natoza 500 kwa siku, na sitazidisha siku 8 bila idhini yako." Mteja anatulia. Ila dari isiyo na kiwango cha chini inakubebesha ubaya wa pande zote mbili: ukiwahi unalipwa kidogo, ukichelewa hulipwi kabisa. Ukikubali dari, omba pia siku za uhakika.

Fedha inaingia lini? Baada ya kazi, kwa kawaida mwisho wa mwezi, kisha unasubiri muda wa malipo ya ankara. Siku 60 kati ya jasho na fedha ni jambo la kawaida, hivyo uwe na akiba.

Kujitangaza. Bei ya saa inalinganishika kwa urahisi, na majukwaa ya kazi za mtandaoni huipenda kwa sababu hiyo. Mteja anapanga majina kumi kuanzia bei ya chini kwenda ya juu. Ukiwa humo, usishindane kwa bei. Jibu mapema, uliza swali moja linaloonyesha umeyasoma mahitaji yake, na mwonyeshe kazi moja inayofanana na yake. Maelezo marefu kuhusu wewe ni nani hayasomwi na mtu mwenye majina kumi mezani.

Inamfaa nani? Anayeanza na bado hajui kazi zake huchukua muda gani. Aliyeitwa kuzima moto ambao chanzo chake hakijulikani. Anayekaa ndani ya timu ya mteja na kupangiwa kazi siku hadi siku.

## Kwa mkupuo

Hapa unataja bei moja kwa kazi nzima, yenye mwanzo na mwisho.

Hasara ni ya nani? Yako, karibu yote. Na binadamu ni mkadiriaji mbaya. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia hii ya kupanga kana kwamba hakuna kitakachokwama, hata kwa mtu aliyekwisha kuchelewa mara nyingi katika kazi za aina ileile. Mfano unaotajwa sana ni jumba la opera la Sydney: lilikadiriwa kugharimu dola milioni 7 za Australia na kukamilika mwaka 1963, likafunguliwa mwaka 1973 likiwa limemeza milioni 102. Ripoti ya kurasa 30 haina ukubwa huo, lakini inachelewa kwa sababu zilezile.

Moja ya kazi zangu za mwanzo za mkupuo ilikuwa kuandika mwongozo wa huduma kwa wateja wa kampuni moja. Kwenye mkataba niliandika "pamoja na marekebisho", bila kusema mangapi wala ya nani. Waliotoa maoni walikuwa watatu, kisha wakawa tisa, wengine wakipingana wao kwa wao. Siku 12 nilizokadiria zikawa 31. Kampuni haikuvunja hata neno moja la mkataba, na hilo ndilo lililoniuma: nilikuwa nimewaandikia ruhusa mwenyewe.

Tangu hapo hadidu za rejea nazichukulia kwa uzito uleule ninaoupa kazi yenyewe. Zinasema nini kitakabidhiwa, marekebisho ni awamu ngapi, nani mmoja atakayekusanya maoni ya wenzake, na jambo jipya likizuka litatozwaje. Sentensi ninayoithamini kuliko zote ni ile inayoanza na "Kazi hii haihusishi". Inaonekana kali, lakini wateja makini huifurahia kwa sababu inawaonyesha wanachonunua.

Makadirio yenyewe usiyatoe kichwani. Fungua daftari la muda, tafuta kazi tatu zinazofanana ulizokwisha kumaliza, utazame zilichukua siku ngapi kwa kweli. Kama hakuna inayofanana, bado hujui bei, na maji usiyoyafika hujui wingi wake. Hapo mimi hupendekeza tathmini fupi ya kulipiwa kwanza: siku mbili au tatu, kwa bei ndogo ya mkupuo, mwisho wake mteja anapata maandishi yanayoeleza tatizo na njia za kulitatua. Akitaka kuyapeleka kwa mshauri mwingine, ni yake, ameyalipia. Wengi hubaki, na sasa bei ya kazi kubwa naitaja nikiwa nimeona kina.

Fedha inaingia lini? Kwa awamu, ukiomba. Nagawa asilimia 40 wakati wa kusaini, 30 wakati wa kukabidhi rasimu na 30 mwishoni. Funga kila awamu kwenye tarehe au kwenye kukabidhi. Usiifunge kwenye "mteja kuridhika", maana kuridhika hakuna tarehe.

Kujitangaza. Hapa mkupuo una nguvu ya pekee. Kazi yenye jina, mipaka na bei inasimulika. Mteja wako wa zamani anaweza kumwambia mwenzake kwa sentensi moja: "Anakupitia mfumo wako wa malipo kwa wiki mbili, anakupa ripoti na orodha ya marekebisho." Jaribu kuisimulia bei ya saa kwa namna hiyo uone. Tengeneza ukurasa mmoja wenye mambo matano: kwa nani, tatizo gani, atapata nini, muda gani, kuanzia bei gani. Kuweka bei hadharani kunawaogopesha washauri wengi. Kwa kazi inayojirudia mimi naona ni hekima: wasioimudu hawakupotezei muda, na wanaoimudu wanakuja wakiwa wameshaizoea.

Inamfaa nani? Aliyeifanya kazi ya aina hiyo mara kadhaa na anajua inapokwama. Pia mteja mwenye bajeti iliyokwisha kupitishwa, asiyeweza kurudi kwa wakubwa wake kuomba nyongeza.

## Kwa mwezi

Chini ya jina hili kuna vitu viwili tofauti, na migogoro mingi huzaliwa kwa kuvichanganya. Cha kwanza ni kununua muda: mteja analipia siku 4 kila mwezi. Cha pili ni kununua upatikanaji: analipa ili akipata swali akupigie na umjibu ndani ya muda mliokubaliana, awe na maswali mawili au ishirini. Andika kwenye mkataba ni kipi.

Hasara ni ya nani? Mnagawana. Mwezi wenye kazi kidogo mteja amelipa zaidi, mwezi wenye kazi nyingi wewe umetoa zaidi. Hatari kubwa inakuja polepole: mteja mmoja akishika zaidi ya nusu ya mapato yako, umepata bosi bila kupata haki za mwajiriwa. Nchi kadhaa zina sheria zinazoutazama uhusiano wa namna hiyo kama ajira. Uingereza ina kanuni za IR35 tangu mwaka 2000, zinazomtoza kodi kama mwajiriwa mtu anayetumia kampuni yake binafsi kufanya kazi ambayo kiuhalisia ni ya ajira. Uliza sheria za unakofanyia kazi kabla mwaka wa pili haujaanza na mteja yuleyule.

Fedha inaingia lini? Mapema, na ndicho kivutio chake. Toza mwanzoni mwa mwezi. Siku zisizotumika zisirundikane; ruhusu zihamie mwezi unaofuata tu, la sivyo mwezi wa kumi utadaiwa siku 15 kwa mpigo.

Kujitangaza. Ni vigumu kumuuzia mgeni. Mkataba wa mwezi karibu kila mara huzaliwa na kazi ya mkupuo iliyokwenda vizuri, kwa hiyo tangazo lake ni wiki mbili za mwisho za kazi hiyo: unapokabidhi, mweleze mteja ni nini kitahitaji uangalizi katika miezi sita ijayo na ungekiangaliaje. Hatari yake ni utulivu. Fedha ikiingia kila mwezi, mtu huacha kuandika, kuhudhuria mikutano na kuwasalimia wateja wa zamani, kisha mkataba unapositishwa anaanza upya bila mtu anayemkumbuka.

Inamfaa nani? Mwenye utaalamu unaohitajika mara kwa mara kwa vipande vidogo: kodi, sheria, usalama wa mifumo, mawasiliano. Haumfai anayependa kuzama kwenye kazi moja wiki nzima bila simu.

## Kwa thamani

Hapa bei inatokana na faida ya mteja. Kuna namna mbili. Moja ni bei ya mkupuo inayokubaliwa mapema baada ya kupima tatizo lina thamani gani. Nyingine ni sehemu ya matokeo: ukiokoa kiasi fulani, unapata asilimia fulani.

Tuseme mteja anapoteza 200,000 kwa mwaka kwa sababu oda zake zinakosewa. Kwako ni kazi ya siku 12; kwa sakafu ya 500 ni 6,000. Ukitoza 20,000, mteja analipa sehemu ya kumi ya hasara ya mwaka mmoja, na ni haki kwenu wote wawili. Sasa geuza: hasara yake ni 3,000 tu kwa mwaka. Kazi ni ileile, siku 12, sakafu ni ileile 6,000. Hapo jibu la kweli ni kumwambia mteja asikuajiri. Upande huu wa bei ya thamani hausemwi sana, nami naupenda kuliko ule wa kwanza, kwa sababu unakulazimisha kuujua undani wa shida ya mwenzako kabla ya kuigusa fedha yake.

Hasara ni ya nani? Kwa bei iliyokubaliwa mapema, hali ni kama ya mkupuo, ila kwa kuwa bei iko juu ya sakafu yako, makadirio yakikosea kidogo huumii haraka. Kwa sehemu ya matokeo, ni yako yote, pamoja na mambo usiyoyatawala: meneja wa mauzo akiacha kazi, mauzo yakashuka, kazi yako nzuri imekwenda bure. Bila takwimu za kabla ya kazi, zilizoandikwa na kusainiwa, mtabishana mwaka mzima kuhusu nani kaleta mabadiliko. Na baadhi ya taaluma zinakatazwa: maadili ya kimataifa ya wahasibu hayaruhusu ada ya ukaguzi wa hesabu itegemee matokeo ya ukaguzi huo.

Fedha inaingia lini? Kwa sehemu ya matokeo, huchelewa. Omba kiasi cha kuanzia kinachofikia sakafu yako, matokeo yawe juu ya hapo.

Kujitangaza. Inadai ubobezi mwembamba na simulizi za matokeo yenye namba, zilizoruhusiwa na wateja wenyewe. Inadai pia uzungumze na mtu anayeumia kwa tatizo hilo. Afisa manunuzi hawezi kununua thamani; fomu yake ina safu ya siku na safu ya bei.

Inamfaa nani? Mwenye uzoefu wa tatizo moja, mwenye akiba, na asiyeona haya kumuuliza mteja: "Hili lisipotatuliwa, litakugharimu kiasi gani?"

## Unapotaja namba

Kwa njia zote nne, namba ya kwanza kutajwa mezani huvuta mazungumzo upande wake; Tversky na Kahneman waliuonyesha mvuto huo mwaka 1974. Kwa hiyo ukiijua thamani ya kazi, itaje wewe kwanza. Ukiitaja, nyamaza. Mteja akisema ni ghali, punguza kazi kabla hujapunguza bei: ondoa awamu moja ya marekebisho au mafunzo ya mwishoni. Anayeshusha bei huku kazi ikibaki vilevile amemwambia mteja kwamba namba ya kwanza haikuwa ya kweli, na imani ndiyo kitu pekee alichokuwa akikiuza.

## Kulingana na hali yako

Kama una wateja chini ya watano tangu uanze, toza kwa siku na uandike muda wako kwa uaminifu. Mwaka mmoja wa daftari hilo utakupa bei za mkupuo zilizosimama juu ya ushahidi.

Kama umefanya kazi ileile mara nne au tano, ipe jina na bei ya mkupuo, hata kama kazi zako nyingine zinabaki kwa siku.

Kama mteja hajui anachotaka, usimpe mkupuo hata akibembeleza. Mpe tathmini ya kulipiwa au siku zenye dari.

Kama mapato yako yanapanda na kushuka hadi hulali, tafuta mikataba miwili midogo ya mwezi badala ya mmoja mkubwa, kutoka kwa wateja uliokwisha kuwafanyia kazi, na utenge siku moja kila wiki ya kujitangaza hata mezani pakiwa pamejaa.

Kama unaitwa kwa jina kwa ajili ya tatizo moja, na mwenye tatizo ndiye anayekupigia simu, jaribu bei ya thamani kwenye kazi moja yenye takwimu zinazopimika. Kazi nyingine ziache kama zilivyo.

Na kama una mteja wa miaka mingi anayekulipa kwa saa, usimbadilishie njia katikati ya kazi. Subiri kazi mpya, mpe bei mbili kwenye karatasi moja, ya siku na ya mkupuo, na umweleze kila moja inambebesha hatari gani. Mimi nimefanya hivyo mara kadhaa, na mara nyingi mteja huchagua mkupuo.